Itazame Petroli Kabla ya Kuilaumu Mashine ya Boti

Wakulima wa Hindi na Mpeketoni, na wenzao wote wa skimu za makazi katika Lamu, wanajua kwamba embe haingoji. Mzigo unaokwenda kuuzwa kisiwani ukisha kufika Mokowe yafaa uvuke siku ile ile, maana barabara ya gari inakoma hapo na mbele yake ni maji. Kwa hiyo mkulima wa huku, ingawa kazi yake ni jembe, hujikuta mara kwa mara anashughulika na boti na mashine yake.

Somo la mwezi huu linahusu mashine ndogo za kupachika nyuma ya boti, na hasa petroli na kabureta. Hatutazungumza juu ya giya wala rafadha. Mashine ndogo ikizimika njiani, mara nyingi hakuna chuma kilichovunjika. Imenyimwa petroli, au imepewa petroli isiyofaa, na jambo hilo lilianza nchi kavu, pengine siku nyingi kabla ya safari.

Habari ya kundi moja

Kundi moja la wakulima lilikuwa na boti yenye mashine ya nguvu za farasi 15. Siku moja mwezi wa Desemba, baada ya mvua za vuli, walipakia magunia ya embe na abiria wanne, wakaondoka maji yakiwa yanapwa. Katikati ya njia mashine ikakohoa mara mbili, ikazimika. Nahodha akavuta kamba mpaka mkono ukamwuma. Mkondo ukaichukua boti ukaiingiza kando ya mikoko, ikakaa juu ya tope mpaka maji yalipojaa tena usiku. Embe zilishinda juani. Kesho yake sehemu kubwa iliuzwa kwa bei ya kutupa.

Hasara haikuishia hapo. Walinunua plagi mpya. Walimlipa fundi, akaisafisha kabureta, na mashine ikaenda vizuri siku tatu, halafu ikarudia ugonjwa wake. Wengine wakasema mashine ni mbovu, iuzwe. Mzee mmoja aliyewahi kuwa nahodha wa jahazi ndiye aliyeuliza, "Mafuta mnayaweka wapi?" Wakamwonyesha pipa lililosimama wima nyuma ya nyumba, chini ya mchirizi wa paa. Akachota mafuta ya chini kabisa kwa chupa ya kioo. Chini ya chupa kulikuwa na maji kiasi cha vidole viwili.

Kwa nini tone moja la maji lizimishe mashine

Ili uelewe, fungua akilini mwako kabureta ya mashine yako. Chini yake kuna bakuli dogo la kutunza petroli kidogo tu. Ndani ya bakuli mna boya, sawa na boya la mshipi wa kuvulia. Petroli ikijaa boya hupanda na kusukuma sindano ifunge njia. Petroli ikipungua boya hushuka na njia hufunguka. Basi bakuli hukaa na petroli kiasi kile kile wakati wote.

Kutoka katika bakuli petroli hupanda kupitia tundu dogo katika kipande cha shaba ambacho mafundi hukiita jeti. Tundu hili ni jembamba sana, na lile la mwendo wa polepole ni jembamba zaidi. Petroli hupita, hukutana na hewa inayovutwa na mashine, ikawa kama ukungu, na ukungu huo ndio unaowaka.

Sasa fikiria tone la maji. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hushuka chini ya bakuli, pale pale jeti inapochota. Tone la maji hujikusanya lenyewe likawa duara na kuziba kitundu, wala halipiti kwa urahisi kama petroli. Mashine hukohoa, hufa. Ukiiacha kidogo boti ikiyumba, tone husogea pembeni na mashine huwaka tena, nawe wasema imepona. Baada ya dakika tano huzimika tena. Ugonjwa wa kuja na kuondoka hivi mara nyingi ni maji, usianze kufungua vitu vingine.

Maji ya chumvi ni mabaya zaidi. Yakikaa ndani ya kabureta kwa siku chache tu hula madini yake, ukaona unga mweupe ndani ya bakuli. Unga huo nao huziba jeti.

Pipa lilivyokunywa maji

Watu wengi huuliza maji yaliingiaje ikiwa kizibo kilifungwa. Pipa la lita 200 likisimama wima, mvua hukusanya maji juu ya kifuniko chake, ndani ya ukingo, na vizibo huzama katika maji hayo. Mchana jua hulipasha pipa moto, hewa iliyomo ndani hupanuka na nyingine hutoka kupitia nyuzi za kizibo. Usiku pipa hupoa, hewa ya ndani hujikunja, na pipa huvuta kutoka nje. Kilichopo nje ya kizibo ni maji, basi huvuta maji. Hufanya hivyo kidogo kidogo, usiku baada ya usiku, bila mtu kuona.

Dawa yake haina gharama. Pipa na liwekwe chini ya paa. Kama hapana paa, lilaze ubavu juu ya magogo mawili, vizibo viwili vikiwa katika mstari mmoja wa kulala, kimoja kushoto na kimoja kulia, ili mafuta yafunike vizibo vyote kwa ndani na maji ya mvua yateremke kwa nje. Kama ni lazima lisimame, weka kipande cha mti chini ya upande mmoja ili liiname, na uligeuze mpaka vizibo viwe mahali ambapo maji hayawezi kutuama. Pipa la mafuta lisikae nyumbani wala karibu na jiko.

Mtungi wa lita 20 nao hushika maji kwa njia nyingine. Mtungi ulio nusu una hewa nyingi ndani, na hewa ya pwani ina unyevu. Usiku unyevu huo hugeuka jasho katika kuta za mtungi na kuteremka chini. Kwa hiyo ni bora kuweka mtungi mmoja uliokaribia kujaa kuliko mitatu yenye robo robo. Usiujaze mpaka mdomoni, acha nafasi ya vidole viwili au vitatu, kwa sababu petroli hupanuka mchana.

Jaribio la chupa

Kila ununuapo petroli, hasa ile ya mapipa au ya chupa za barabarani, ijaribu kabla haijaingia katika tangi la boti. Mimina kiasi cha nusu chupa katika chupa safi ya kioo, uiache itulie kwa muda wa robo saa mahali penye mwanga, mbali na moto na sigara. Kama ina maji utaona mstari chini, na kitu cheupe kinachoonekana kikitembea ukiinamisha chupa. Mchanga na kutu vitaonekana pia. Chupa hiyo iwekwe alama na isirudi jikoni. Watoto wameumizwa kwa kunywa mafuta yaliyowekwa ndani ya chupa za soda.

Unapomimina, tumia faneli yenye wavu mwembamba. Wavu wa kawaida huzuia takataka lakini hauzuii maji, kwa hiyo iko desturi moja ya zamani ambayo sisi twaiamini kuliko vyombo vingi vya dukani: acha mtungi utulie kwanza, mimina polepole bila kuutikisa, na usimimine masalio ya chini. Nusu lita unayoiacha hupotea bure, ni kweli. Lakini linganisha na gunia moja la embe.

Tangi la boti lijazwe likiwa nchi kavu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka na kulala chini ndani ya boti, na cheche moja yatosha. Mtungi nao ukijazwa uwe umesimama chini ardhini, si juu ya boti wala ndani ya gari. Tena usinyonye petroli kwa mdomo kupitia mpira.

Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa

Kwa miaka mingi wako wauzaji waliochanganya petroli na mafuta ya taa kwa kuwa mafuta ya taa yalikuwa ya bei nafuu. Mwaka 2018 Serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya mchezo huo. Hata hivyo angalia mahali unaponunua. Mafuta ya taa hayawaki upesi kama petroli: mashine huwa ngumu kuamka asubuhi, hutoa moshi mwingi, hugonga ikibeba mzigo, na plagi huingia masizi. Dondoshea tone moja juu ya karatasi nyeupe safi. Petroli halisi isiyotiwa oili hukauka upesi, lakini iliyochanganywa huacha doa la mafuta.

Kipimo cha oili

Mashine nyingi za boti za zamani, na nyingi ndogo zinazotumika hata leo, ni za mipigo miwili. Hizi hazina mahali pengine pa kupata oili isipokuwa ndani ya petroli yenyewe. Petroli tupu itaua pistoni kwa muda mfupi. Oili ikizidi, plagi hulowa na kabureta huchafuka. Baadhi ya watu huongeza oili kwa huruma, wakidhani wanaipendelea mashine, lakini huruma hiyo si ya kweli.

Soma kitabu cha mashine yako au maandishi yaliyo juu yake. Mashine nyingi hutaka sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili. Maana yake ni mililita 100 kwa lita 5, mililita 200 kwa lita 10, na mililita 400 kwa lita 20. Asiye na chombo cha kupimia akumbuke kuwa chupa ya soda ya mililita 300 yatosha lita 15. Mashine nyingine za zamani hutaka 25 kwa 1, yaani oili mara mbili ya hiyo, na mashine mpya ambayo bado haijazoea kazi huweza kutaka zaidi mwanzoni. Oili iwe ile ya mashine za boti zinazopozwa kwa maji, yenye alama TC-W3. Oili ya gari haifai kabisa. Tia oili pamoja na petroli kidogo kwanza, funga, tikisa vizuri, kisha ujaze petroli iliyobaki na utikise tena.

Mashine ya mipigo minne ni jambo jingine. Oili yake ina mahali pake, na petroli yake huwa tupu. Ikiwa kundi lenu lina mashine za aina zote mbili, paka mitungi rangi tofauti, na kila mwanachama ajue rangi hizo. Kosa hili limefanywa na watu wenye akili timamu kabisa, alfajiri, gizani.

Petroli huzeeka

Mkulima anajua mbegu huzeeka ghalani, lakini husahau kwamba petroli nayo huzeeka. Ndani ya mtungi uliofungwa vizuri na kuwekwa kivulini yaweza kukaa kama miezi mitatu bila taabu kubwa. Ndani ya bakuli la kabureta, ambamo hewa huingia na joto ni kali, majuma machache yatosha kuiharibu. Sehemu iliyo nyepesi huruka hewani, na kinachobaki ni oili na kitu kinachonata kama utomvu wa mkorosho. Utomvu huo huziba jeti na kuifanya sindano ya boya ishikane na mahali pake.

Hii ndiyo sababu mashine iliyofanya kazi vizuri msimu wa embe hukataa kuwaka baada ya kupumzika wakati wa palizi. Basi kama hutaitumia mashine kwa zaidi ya juma moja au mawili, usiache petroli ndani ya kabureta. Ikiwa bakuli lina skrubu ya kumwagia, ilegeze na ukinge petroli kwa kopo. Njia hiyo ndiyo tunayoipenda. Ikiwa haina, chomoa mpira wa mafuta mashine ikienda polepole, uiache imalize petroli na kuzima yenyewe. Jambo hili lifanywe mashine ikiwa ndani ya maji, baharini au katika pipa kubwa la maji matamu, kwa maana pampu yake ya kupoza ina kipande cha mpira kinachoungua upesi kikizunguka pakavu. Ukitumia pipa la maji matamu utakuwa pia umeosha chumvi iliyo ndani ya mashine, kazi mbili kwa mara moja.

Mashine ikizimika majini

La kwanza ni kutia nanga, au kushika upondo, kabla hujagusa mashine. Halafu tazama kizibo cha tangi. Juu yake mna skrubu ndogo ya kuingiza hewa. Ikiwa imefungwa, petroli hutoka na hewa haiingii kuchukua nafasi yake, na baada ya dakika kama kumi mashine hukosa mafuta. Ifungue. Ukisikia mlio wa hewa inayoingia umeuona ugonjwa. Skrubu hii ifunguliwe kila safari, na ifungwe tena tangi linapobebwa au kuwekwa ghalani.

Kama si hilo, shika pira la kubinya lililo katika mpira wa mafuta. Mshale wake uelekee kwenye mashine. Libinye mpaka liwe gumu. Likikataa kuwa gumu, hewa inaingia mahali fulani, pengine katika kiungo kilicholegea au mpira uliopasuka, au tangi limekwisha. Likinywea na lisirudi, njia imeziba upande wa tangi. Likiwa gumu lakini mashine haipati kitu, tazama chujio dogo chini ya kifuniko cha mashine, na sindano ya boya. Tena iko dalili moja ya kukumbuka: ikiwa mashine huendelea kwenda wakati mtu anabinya pira, na hufa akiacha, basi pampu yake ya petroli, yenye ngozi nyembamba ndani, imechoka au mpira unavuta hewa. Mtu mmoja akikaa akibinya mtafika nyumbani.

Mashine iliyo moto ikiendelea vizuri pale tu unapovuta choki kidogo, maana yake inapata petroli chache, yaani jeti imeziba. Usiiendeshe kwa nguvu hali hiyo. Katika mashine ya mipigo miwili, petroli chache ni oili chache, na pistoni itakwama. Nenda polepole.

Kuifungua kabureta

Asiyewahi kuifungua afuate fundi mara ya kwanza. Aliyekwisha kuona aweza kuifanya mwenyewe, nchi kavu, mbali na moto, juu ya kitambaa cheupe ili skrubu zisipotee mchangani. Funga tangi na uchomoe mpira. Kabla ya kutoa kitu, kitazame kilivyokaa, au ukipige picha kwa simu. Ukifungua bakuli, usiimwage petroli yake upesi, itie katika kopo uitazame: maji, kutu, unga mweupe au utomvu vitakueleza jambo lilikotoka. Kusafisha bila kutafuta chanzo ni kama lile kundi letu la embe, siku tatu tu.

Osha vipande kwa petroli safi na brashi laini. Jeti usiichokoe kwa waya wala kwa sindano. Shaba ni laini, na tundu likipanuka kidogo tu mashine itakula mafuta siku zote na hakuna awezaye kulirudisha. Tumia uzi mwembamba wa nailoni wa kuvulia samaki, kisha pulizia kwa pampu ya baiskeli, ukilinda macho. Ikiwa utomvu umekauka, loweka usiku kucha katika dawa ya kusafishia kabureta, lakini ondoa kwanza gasketi na vipande vya mpira. Tikisa boya karibu na sikio. Likilia maji ndani limetoboka, libadilishwe. Gasketi iliyochanika isipakwe gundi, nunua nyingine.

Mambo haya yote yahusu pia ile pampu ya maji inayomwagilia nyanya zako, kwa maana kabureta yake ni ndugu ya hii, ila nyingi za pampu hizo ni za mipigo minne na petroli yake haitiwi oili. Nayo ina kibofyo au bomba la kufungia petroli chini ya tangi. Jioni ya siku ya mwisho ya kumwagilia, lifunge bomba hilo maji yakiwa bado yanapita, uiache pampu izime yenyewe, ndipo uibebe kwenda ghalani.